Jumuiya za Kujifunza (JzK) za walimu: nyingi zinaishia kwenye daftari la mahudhurio. Nini kinazifanya zifanye kazi kweli?

Chaki_na_Ubao (mwanzisha uzi)

Wakuu heshima kwenu. Walimu waliotutangulia kazini, shikamooni.

Nafundisha shule ya msingi mikoa ya kati na ni mwezeshaji rika wa JzK shuleni kwetu. Nimeona humu ndani walimu wengi wanaisema MEWAKA kama mzigo mwingine ulioshushwa kutoka juu. Nawaelewa. Ila mimi nimeiona jumuiya ikifa na nimeiona nyingine ikiwa hai, tena kwa walimu wa aina ileile, mishahara ileile na madarasa yaliyojaa vilevile. Nataka tujadili tofauti ilitoka wapi, maana hili jambo naliamini na linaniuma likiharibiwa.

Kwa wasioijua: MEWAKA ni Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini. Taasisi ya Elimu Tanzania (TET) imeandaa moduli na mfumo wa kujisomea mtandaoni, lakini moyo wake uko shuleni: walimu wakutane, wachague tatizo la ufundishaji, walifanyie kazi pamoja, wajaribu darasani, warudi kuambizana kilichotokea. Juu ya shule kuna klasta, ambapo shule jirani zinakutana. Fedha nyingi zimepita njia hii. Kuna BOOST, mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 500 kwa elimu ya awali na msingi, na kuna mradi wa Shule Bora wa msaada wa Uingereza, uliofanya kazi katika mikoa 9. Kwa hiyo mwongozo upo na wawezeshaji wameandaliwa. Kinachobaki ni kile kinachotokea pale ofisini baada ya watoto kuondoka.

JzK iliyokufa ilikuwa hivi. Mwezeshaji anafungua moduli, anasoma kwa sauti ukurasa kwa ukurasa, wengine wanasahihisha madaftari chini ya meza. Mwisho picha inapigwa, majina yanaandikwa, ripoti inapelekwa kwa Afisa Elimu Kata. Hakuna aliyedanganya. Kikao kilifanyika kweli, ila hakuna mtoto hata mmoja aliyetajwa.

Iliyo hai ilianza siku mwalimu wa hesabu Darasa la Tatu alipokuja na rundo la madaftari badala ya moduli. Alisema tu, "Jamani, kutoa kumenishinda. Nifundishe vipi?" Tukagawana madaftari. Mwanzoni tuliona tiki na kosa vimechanganyika, kama watoto wanabahatisha. Mmoja wetu akaanza kuandika majibu ya kosa peke yake kwenye karatasi:

52 − 27 = 35
81 − 46 = 45
63 − 28 = 45
70 − 34 = 44

Angalieni vizuri. Hakuna kubahatisha hapo. Mtoto anaona 2 juu na 7 chini, anachukua 7 anatoa 2, anapata 5. Kila safu anatoa ndogo kwenye kubwa, iwe juu au chini. Ndiyo maana 58 − 23 anaipata na 52 − 27 anaikosa. Ana kanuni, na anaifuata kwa uaminifu kabisa!

Mwalimu wa Darasa la Kwanza alikuwa amekaa nasi. Akasema kwa utulivu, "Hiyo kanuni wameitoa kwangu. Tunawaambia ndogo ndiyo inatolewa kwenye kubwa." Darasa la Kwanza sentensi hiyo haina shida. Darasa la Tatu inageuka ukuta. Mwalimu mmoja peke yake asingeiona, kwa sababu chanzo kiko kwa mwenzake na matokeo yako kwake.

Tukaandaa somo moja kwa pamoja: vijiti vimefungwa kumikumi, mtoto akikosa mamoja ya kutosha anafungua fungu moja. Mwenye darasa akafundisha, wawili wetu tukakaa ndani. Hatukumwangalia mwalimu. Kila mmoja alipewa watoto watatu wa kuwafuatilia: anayeelewa upesi, wa katikati, na anayesumbuka. Nilichokiona kwa mmoja wao sitakisahau. Vijiti alivifungua sawasawa, akabaki na mafungu 4 na vijiti 12, akaondoa mafungu 2 na vijiti 7, mezani pakabaki 25. Jibu sahihi kabisa liko mbele yake. Kisha akageukia daftari akaandika 35. Kwake vijiti ni mchezo na daftari ni hesabu, vitu viwili visivyojuana.

Hilo ndilo tulilorudi nalo. Somo lililofuata kila tendo la mkono likaandikwa palepale: umefungua fungu, kata 5 andika 4, na ile 2 sasa ni 12. Watoto wengi walivuka. Wachache hawakuvuka, na kikao kilichofuata kilianza na madaftari yao.

Hoja yangu basi ni hii: JzK isiyo na kazi ya mtoto mezani, na isiyomalizikia ndani ya darasa la mtu mbele ya macho ya wenzake, itakufa hata ikipewa moduli nzuri namna gani. Mnaonaje? Nyie mmepitia nini huko?

---

Nyota_ya_Kata

Mwalimu, uzi mzuri, ila naomba tuseme ukweli wote. Mimi nina vipindi vimejaa asubuhi hadi mwisho, darasa moja lina watoto zaidi ya 100, wiki ya zamu ndiyo usiseme. Saa 9 alasiri nimechoka, nina mtoto mchanga nyumbani. Unaniambia nikae nichambue madaftari, bila hata chai. Semina za wilayani tulizoea zina posho na nauli. Huku shuleni hakuna kitu, halafu tunaitwa wavivu. Hapo unajibuje?

---

Chaki_na_Ubao

Dada, sikuiti mvivu na wala simkubali anayekuita hivyo. Kuchoka kwako ni kwa kweli.

Kwanza muda. JzK inayowekwa baada ya saa za kazi inawaadhibu kinamama kuliko wote, na sisi tuliihamisha. Siku moja katika wiki, mwalimu wa taaluma alipanga ratiba ili kipindi cha mwisho madarasa ya juu yawe na michezo na usafi wa mazingira chini ya walimu wachache, wengine wakutane. Wiki inayofuata wanabadilishana. Tunakaa dakika 45, zikiisha tunaondoka hata kama maneno yamebaki. Walimu walipoamini kwamba muda hautaliwa, mahudhurio yalitengemaa yenyewe.

Pili posho. Ruzuku ya uendeshaji shule ya msingi ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, na sehemu yake hubaki juu kwa ajili ya vitabu. Mwalimu mkuu hana pa kuchomoa posho ya kila wiki, tusimlaumu kwa hilo. Ila nakataa pia hoja kwamba mwalimu anayedai chai hana wito. Chai tunachangishana na inanyweka. Zaidi ya hapo, kikao kinapaswa kumrudishia mwalimu kitu atakachokitumia kesho asubuhi: zoezi lililokwisha andaliwa, zana iliyokwisha tengenezwa, mtihani wa wiki uliokwisha tungwa. Mwenzetu wa Darasa la Tatu alitoka na andalio la somo ambalo asingeliandika peke yake usiku. Kikao kikimpunguzia mtu kazi, atarudi. Kikimwongezea fomu, mtamwandikia udhuru kila wiki.

Na madaftari usichambue yote 100. Chukua 10 tu: matatu ya walioweza, matatu ya waliokosa, mengine ya katikati. Makosa ya watoto hayana aina nyingi kama tunavyodhani. Ukishaona kumi umeshaona karibu yote.

---

Fizikia_Pekee

Mkuu, hayo ni ya msingi. Njoo sekondari ya kata. Nipo mwenyewe Fizikia kidato cha kwanza hadi cha nne, na Hisabati nabeba pia. JzK ya Fizikia nikae na nani? Nikikaa na mwalimu wa Historia tunajadili nini? Sisi tumewekwa kundi moja "sayansi" watu watatu, na mmoja ni wa kujitolea.

---

Bi_Kidato

Naomba nimjibu Fizikia_Pekee, maana nafundisha Jiografia sekondari na tulikuwa na swali hilohilo.

Tuliacha kujipanga kwa masomo, tukajipanga kwa tatizo. Mtoto anasoma miaka saba kwa Kiswahili, anaingia kidato cha kwanza anakuta masomo karibu yote ni kwa Kiingereza. Tatizo hilo ni la Fizikia, la Historia, la Baiolojia, la kila mtu isipokuwa mwalimu wa Kiswahili, na hata yeye ni msaada mkubwa mkimwita. Tulileta karatasi za majibu za wanafunzi walewale watano kutoka masomo manne tofauti. Tukazipanga mezani mwanafunzi kwa mwanafunzi. Wote tulipigwa na butwaa. Kuna binti ambaye kila mmoja wetu alimwona mzito. Kwenye karatasi zote nne, mahali swali lilipotaka ataje, aliandika vizuri. Mahali lilipotaka aeleze sababu, alitaja tena, orodha ndefu zaidi. Alijua habari. Hakujua swali linamwomba afanye nini nayo.

Baada ya hapo tulikubaliana jambo moja tu kwa muhula mzima: kila mwalimu, somo lolote, kabla ya zoezi anawauliza wanafunzi kwa Kiswahili swali hili linataka nini, kisha wanajibu kwa Kiingereza. Na kila jibu la kueleza lianze na sentensi mbili za mdomo kwa jirani kabla ya kuandika. Nguvu yake ni kwamba mtoto alikutana na jambo lilelile vipindi vyote vya siku. Mwalimu mmoja akifanya peke yake, mtoto anadhani ni tabia ya mwalimu yule.

Kwa Fizikia yenyewe, hapo utahitaji klasta. Wenzako wawili watatu wa shule jirani, mkutane hata mara moja kwa mwezi, katikati mtumiane picha za majibu ya wanafunzi kwenye kundi la WhatsApp, majina yakiwa yamefunikwa. Lakini kundi liwe la kazi. Siku salamu za asubuhi na matangazo ya misiba yakihamia humo, majibu ya wanafunzi hayataonekana tena. Fungueni jingine la hayo.

---

Mwalimu_Mkuu_Mpya

Niseme upande wa tunaoongoza. Nilipokabidhiwa shule nilifuata mwongozo, nikahudhuria kila JzK. Nikikaa, wote wananyamaza. Nikiuliza changamoto ni nini wanajibu "uhaba wa vitabu", "utoro", "wazazi hawashirikiani". Yote kweli, lakini hakuna hata moja wanaloweza kulibadilisha wao Jumatatu. Mwalimu hawezi kusema mbele ya anayemjazia tathmini yake kwamba kugawanya kwa desimali kunamsumbua.

Shida ni kwamba mimi huyohuyo ninayekagua maandalio ya masomo ndiye ninayetaka wafunguke. Wathibiti ubora wakija nao wanataka kuona mafaili ya JzK. Basi faili linapendeza na watu wanafunga midomo.

Kilichosaidia kwangu ni vitu viwili. Niliomba mimi ndiye nianze kuangaliwa. Nina vipindi vichache vya Kiswahili Darasa la Sita, walimu watatu wakaja wakakaa nyuma na watoto wao wa kuwafuatilia. Wakaniambia wazi kwamba muda wote niliuliza maswali upande wa dirisha na safu ya ukutani hakuna aliyejibu hata mara moja. Niliandika kwenye daftari mbele yao, na kipindi kilichofuata nilianzia ukutani. La pili, tulikubaliana kwamba kinachosemwa kwenye JzK hakiingii kwenye tathmini ya mtu, kamwe. Ripoti ninayotuma kata ina mistari mitatu: tatizo la watoto lilikuwa lipi, tumejaribu nini, kimetokea nini. Haina jina la mwalimu. Afisa Elimu Kata wetu ni mtu mwelewa, alikubali. Najua si wote watakubali.

---

Mwalimu_Gredi_Nne

Salamu kutoka Kenya, walimu. Nimefuata uzi huu kwa makini kwa sababu sisi tumepita barabara hii kitambo.

SMASSE, mradi wa mafunzo kazini kwa walimu wa hisabati na sayansi wa sekondari, ilianza mwaka 1998 kwa ushirikiano na JICA, shirika la misaada la Japani, ikiwa majaribio katika wilaya 9. Mwaka 2003 ikatandazwa nchi nzima, na kituo chake CEMASTEA kiko Karen, Nairobi, hadi leo. Wazo lake lilikuwa zuri sana: somo liwe na shughuli, limweke mwanafunzi mbele, litumie majaribio na vifaa vya kubuni, na mwalimu apange, atende, aangalie, aboreshe. Walimu wengi wa umri wangu walijifunza humo kutumia chupa za plastiki na betri zilizotupwa.

Tatizo ni kwamba mafunzo yalishuka ngazi kwa ngazi: wakufunzi wa kitaifa wanafunza wa wilaya, wa wilaya wanafunza mwalimu. Kila ngazi kitu kinapungua, na mwalimu anapofika shuleni kwake yuko peke yake. Anajua maneno yote, hana wa kumwangalia wala wa kumuuliza. Kinachokosekana ndicho hicho mnachozungumzia, wenzake wa shule moja wakiingia darasani.

Hapa kwetu kuingia darasa la mwenzio kumefungwa na TPAD, yaani tathmini ya mwalimu ya TSC, tume inayoajiri walimu wa serikali. Mkuu wa idara anaingia na fomu. Mwalimu anafundisha somo zuri la siku hiyo, fomu inajazwa, basi. Ndiyo maana namuunga mkono sana Mwalimu_Mkuu_Mpya. Tenganisheni hayo mawili mapema kabla hayajazoeleka pamoja. Yakishazoeleka ni kazi ngumu kuyatenganisha, nawaambia.

---

Ustadh_wa_Skuli

Assalaam alaykum. Mie niko Pemba, skuli ya msingi. Nataka kutia neno katika jambo ambalo hamjaligusa, nalo ni umri na heshima.

Kwetu kuna walimu waliotusomesha sisi wenyewe. Leo nikae nyuma ya darasa la mwalimu wangu, kisha nimwambie mbele za watu kuwa somo halikwenda? Haiwezekani, na wala sioni kuwa ni jambo jema. Mtu akivunjiwa heshima harudi tena kikaoni.

Tulitafuta njia inayolingana na adabu zetu. Mwenye somo ndiye anayesema mwanzo, mpaka amalize, hapana anayemkatiza. Baada yake kila mmoja aseme alichokiona kwa mtoto tu: "Fulani alisoma mstari wa kwanza, wa pili akatazama juu." Hapana kusema "ungefanya hivi" mpaka mwenyewe aulize. Wallahi mara nyingi haulizi, kwa sababu keshajua. Na bibi mmoja, mkubwa wetu wa Darasa la Kwanza, ndiye sasa anayewaita vijana waje kwake.

Mfano ni wa kusoma. Darasa lake likisoma kwa pamoja ukurasa wa kitabu, utasema wote wanajua. Aliyekaa na watoto akaona wawili vidole vyao viko mstari wa juu na midomo iko mstari wa chini. Wamehifadhi. Mwalimu mwenyewe akatafuta dawa yake: anachukua sentensi ileile, anaigeuza. "Mwana anakunywa maji" anaandika ubaoni "Maji anakunywa mwana", mtoto asome neno kwa neno. Aliyehifadhi anakwama hapohapo kwenye neno la kwanza, anayesoma anacheka kwa kuwa maneno yameruka. Basi akajua nani wa kurudishwa kwenye silabi, na akaona kuwa wengi wao wanakwama kwenye nywa, ng'o na mbw. Hivi sasa skuli nzima inaitumia.

---

Mkufunzi_Mstaafu

Wanangu nawasoma kwa furaha. Nilikuwa chuo cha ualimu miaka mingi, naomba niongeze historia kidogo kwa sababu wengine mnadhani haya yameanza na MEWAKA.

Vituo vya walimu vilijengwa wilaya nyingi zamani, ili walimu wa shule jirani wakutane, watengeneze zana, waazime vitabu. Vingine vipo, vingine vimegeuzwa ofisi. Kituo kilikuwa mbali na darasa, hapo ndipo kilipopungukiwa. Baadaye kuanzia 2014 ukaja mradi wa EQUIP-Tanzania katika mikoa iliyokuwa nyuma kielimu, Simiyu, Lindi, Tabora, Kigoma na mingine, na moduli za KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu) zilizosomwa na walimu shuleni kwao wenyewe. Hapo tulisogea hatua kubwa, mafunzo yalimfuata mwalimu alipo. Penye mwalimu mkuu aliyekaa na kusoma pamoja nao, moduli zilizaa. Penye aliyezifungia kabatini, zilibaki kabatini.

Huo utaratibu wa kuandaa somo pamoja, mmoja afundishe, wengine wawaangalie watoto, asili yake ni Japani. Wenyewe wanauita jugyō kenkyū na wameufanya kwa zaidi ya miaka 100, tangu enzi ya Meiji. Zambia waliuchukua mwaka 2005, wakaanzia Jimbo la Kati na walimu wa sayansi, wakaupanua polepole. Nawasifu kwa hiyo polepole.

Kuna jambo moja la Wajapani ambalo sisi hulikata tunapoharakisha. Wao hukaa muda mrefu sana kabla ya somo. Wanajiuliza: tukiwapa watoto swali hili, watajibu nini? Wanaandika majibu yanayotazamiwa, ya sawa na ya makosa, na kila jibu mwalimu atafanya nini akilipata. Nyie mwalimu wa hesabu mmeanzia kwenye makosa yaliyokwisha tokea, vizuri sana. Mwakani, kabla ya mada hiyohiyo, kaeni muyatabiri makosa hayo. Chagueni namba za mifano kwa makusudi. 52 − 27 ni mfano mzuri kwa sababu kanuni ya mtoto inampa 35, mwalimu anatambua mara moja. 70 − 34 ina sifuri juu, humo kuna kosa jingine: wapo watakaoandika 4 kama watoto wenu, na wapo watakaoandika 0 kwa kusema "sifuri hakuna kitu, haitoleki". Majibu mawili tofauti, tiba mbili tofauti. Mfano uliochaguliwa hivyo unamfanyia mwalimu nusu ya kazi ya kupima.

---

Chaki_na_Ubao

Mzee, shikamoo. Hilo la sifuri nalibeba kama lilivyo. Nimepekua picha za madaftari nilizonazo sasa hivi, na kweli wapo walioandika 70 − 34 = 40. Tuliwaweka kapu moja na wale wa 44, kumbe hawa wanahitaji kuona fungu likifunguliwa pale ambapo mamoja hayapo kabisa. Alhamisi tunaanza nalo.

Ustadh, utaratibu wako wa mwenye somo kusema kwanza tunao, lakini hilo la kutotoa ushauri mpaka uombwe hatuna, na naona kabisa ni nani kwetu aliyeacha kuja kwa sababu hiyo. Nitamfuata nyumbani kwake.

Bi_Kidato, hiyo ya karatasi za mwanafunzi mmoja kutoka masomo manne, natamani kila shule ya sekondari ijaribu hata mara moja.

---

Nyota_ya_Kata

Nimerudi. Nimemwonyesha mwalimu wa taaluma mpangilio wa kipindi cha mwisho, kasema tunaweza kuanza na madarasa mawili. Swali langu la mwisho: tupo walimu 14. Tukae wote pamoja? Na mtaala mpya ulioanza 2024 Darasa la Kwanza na la Tatu, wengi wanataka JzK iwe ya kuuelewa mtaala kwanza. Tuanze na upi?

---

Chaki_na_Ubao

14 ni wengi. Watu watano sita wanatosha, zaidi ya hapo wawili wataongea na waliobaki watasikiliza. Sisi tuna makundi mawili, ila tumehakikisha kila kundi lina mtu wa madarasa ya chini na wa madarasa ya juu. Msigawane chini peke yao na juu peke yao, maana makosa ya Darasa la Tano yamezaliwa Darasa la Pili na mtayakosa. Mara moja kwa mwezi makundi yanaungana, kila moja linaleta daftari moja la mtoto na kusimulia.

Mtaala mpya usiusome peke yake kama waraka. Chukueni umahiri mmoja mtakaoufundisha wiki ijayo, someni ukurasa huo tu, halafu ulizeni: mtoto wetu akiwa ameupata, daftari lake litaonekanaje? Andikeni jibu moja la mfano kwa mikono yenu. Mtakuta hamkubaliani, na hapo ndipo mtaala unaanza kueleweka. Wiki inayofuata leteni madaftari kumi mlinganishe na ule mfano.

Mwezeshaji asiwe mwalimu mkuu wala mwalimu wa taaluma. Awe mtu anayesikilizwa na wenzake, mbadilishane kila muhula. Daftari la JzK liandikwe palepale, kwa mkono, mistari michache, na mstari wa mwisho kila mara uwe jina la mwalimu ambaye darasa lake litafunguliwa wiki ijayo, siku gani, kipindi cha ngapi. Likikosekana jina hapo, msifunge kikao mpaka mmoja ajitolee.

---

Nyota_ya_Kata

Sawa mwalimu. Jina la kwanza litakuwa langu, Darasa la Tatu B, Jumatano kipindi cha tatu. Nitaleta picha za madaftari hapahapa.